Nimelipa shilingi 30,000 kufundishwa kukaa juu ya farasi, haya ndiyo niliyoyaona

Nianze na mke wangu, maana ndiye aliyeuliza swali lenyewe: "Yaani umetoa elfu thelathini ufundishwe kukaa?" Ndio. Sesheni tatu, kila moja 7,000 za mwalimu na 3,000 za farasi, pale Karen, Nairobi, na huyu mwalimu hafundishi kuruka vizuizi wala kukimbiza farasi, kazi yake ni mwili wa mpandaji basi, wenyewe wanaita bayomekaniki ya mpandaji, yaani mwili unavyokaa na kusogea juu ya farasi. Jina lake siweki hapa, ni mtu wa kimyakimya na ratiba yake ishajaa, ila naona watu wanauliza sana kama hizi klasi zina faida au ni kuliwa pesa tu.

Mimi mtu wa Lamu. Punda nimepanda kabla sijajua baiskeli, bila tandiko, umekaa huko nyuma kabisa karibu na mkia, miguu inaning'inia, kijiti mkononi, na punda anakwenda matiti, mbio ndogondogo, na wewe wala huna habari. (Ndio, mwendo ule unaitwa matiti, acheni kucheka, ni Kiswahili cha wazee hicho, huku Karen wanasema troti.) Sasa nilipoanza farasi Nairobi nikajiona fundi, kumbe ile tabia ya nyumbani ndiyo iliyonimaliza. Farasi wa kilo mia nne na kitu ukimkalia kama umekaa barazani, makalio nyuma miguu mbele, kila akipiga hatua wewe unaachwa nyuma, ukiachwa unajishikilia kwa hatamu, na hatamu mwisho wake ni mdomo wake, basi anainua kichwa, mgongo anaubonyeza chini, na wewe ndio unarushwa zaidi.

Miaka miwili kwenye skuli ya kwanza, ambayo siitaji, nilipigiwa kelele mbili tu: "visigino chini!" na "kifua mbele!" Nikishusha visigino kwa nguvu mguu unakimbilia mbele na kifundo kinakaza kama ubao, nikitoa kifua kiuno kinapinda kwa nyuma, na kila nikipanda wikendi mgongo ulikuwa unaniuma mpaka Jumanne. Nilidhani ni uzee.

Sesheni ya kwanza nusu nzima farasi alikuwa amesimama. Wallahi amesimama tu, saisi, yaani mtunza farasi, amemshika, mimi juu, na saa inakwenda na hela zangu. Mwalimu akanibandika vipande vya teipu begani, kwenye nyonga na kwenye buti, akapiga picha kwa upande akanionyesha: sikio, bega, nyonga, kisigino vinatakiwa vishuke kwa mstari mmoja, wangu ulikuwa kama barabara ya kupanda Mazeras. Halafu akaniuliza, farasi akitoweka sasa hivi utatua kwa miguu au kwa makalio? Nikacheka, kisha nikaona hilo swali halina haja ya kujibiwa.

Akaniambia niweke mikono chini ya makalio niitafute ile mifupa miwili ya kukalia, yangu ilikuwa inaangalia mbele badala ya kuangalia chini. Akaniambia kohoa. Nikakohoa. Unasikia tumbo linavyosukuma nje na kukaza? Hapo hapo, libaki hivyo hivyo, na pumzi uendelee kuvuta. Jaribuni hapo mlipo muone kama ni rahisi. Kisha akanisukuma kifuani taratibu kwa kiganja, nikaenda nyuma kama mlango wazi, nikarudi kukohoa, akasukuma tena nikabaki. Kitu kidogo hivyo, na hakuna aliyewahi kuniambia, watu husema tu "tulia, legeza mwili", na mtu aliyelegea juu ya farasi anayekwenda ni gunia la viazi.

Dakika za mwisho tukatembea. Mbavu za farasi akitembea zinabembea kushoto kulia, na nyonga zako zinatakiwa zifuate, moja baada ya nyingine, kama unapiga pedali za baiskeli kinyumenyume. Mimi nilikuwa nasukuma zote mbili kwa pamoja, mbele nyuma mbele nyuma, najidhani namsaidia. Mzee saisi, ambaye ananiona kila Jumamosi na hajawahi kusema neno, akasema pale: "Bwana wa Lamu, ulikuwa unakaa kama abiria wa bodaboda." Nikamuuliza mzee wangu mbona hukuniambia siku zote, akajibu hakuulizwa.

Ya pili ilikuwa troti, na hii ndiyo niliyolipia hasa. Mwendo ule una mapigo mawili, miguu ya mshazari inatua pamoja, na wewe unainuka pigo moja unakaa pigo la pili. Mimi nilikuwa nainuka kwa kusukuma vikuku, vile vyuma vya kukanyagia vya tandiko, na kujivuta kwa hatamu, kisha nadondoka pwaa mgongoni mwake. Mwalimu akanifundisha kuinuka kwa mapaja, kama mtu aliyepiga magoti akiinuka, nyonga inakwenda mbele kuelekea goti, na kurudi unarudi polepole, hudondoki. Akashika video kwa simu, akaichezesha taratibu, na nikajiona mimi mwenyewe ninavyompiga farasi wa watu kwa makalio kila sekunde. Niliona haya. Nilipopata mizunguko miwili sawasawa, yule farasi (wa zamani wa mbio, mkavu, anayejulikana kwa kukataa kushusha shingo) akashusha shingo akakoroma kwa pua, ule mkoromo wa kushusha pumzi. Jumapili yake nilishindwa kupanda matatu, mapaja yote ya ndani yalikuwa moto.

Lakini sio yote sukari. Ile spika ya sikioni anayokuzungumzia nayo upepo ukivuma husikii kitu, nusu ya sesheni ya pili nilikuwa naitikia tu. Kuandaa tandiko kunahesabiwa ndani ya dakika zako 45, hilo sikulipenda na nilimwambia. Mvua ya Aprili ilipogeuza uwanja kuwa tope sesheni ya tatu ikasogezwa wiki tatu, na kwa wakati huo nilikuwa nisharudia nusu ya makosa. Video aliahidi kutuma WhatsApp, mpaka leo nimepata moja.

Ya tatu ilikuwa ya kupinda, yaani kuzungusha farasi kwenye duara. Tukizunguka kushoto farasi alikuwa anatoka nje kila mara, duara linapanuka mpaka ukutani, na tandiko linateleza kulia. Nilitegemea aniambie wewe unakalia upande wa kulia, tuendelee. Hakusema hivyo kwanza. Alisema tandiko likiteleza upande mmoja inaweza kuwa farasi ana maumivu ya mguu wa nyuma, daktari wa mifugo amwone kabla ya kumlaumu mpandaji, na hataki pesa yangu mpaka hilo lijulikane. Hapo nilimwamini. Daktari akamwona, mzima. Basi ikawa ni mimi, uzito wote mfupa wa kulia, bega la kushoto limebaki nyuma, farasi wa watu anakwenda kulia kuufuata mzigo asije akaanguka. Kuurudisha mfupa wa kushoto mahali pake ilikuwa kama kukaa upogo kabisa, naapa nilihisi naanguka, kumbe kwenye video ndio nimekaa katikati.

Kama unataka shoti, yaani mbio za kasi, na upepo usoni usiende, utachoka dakika ya kumi. Kama umeshapanda mwaka au miwili na kila siku unaambiwa kosa lile lile bila kuambiwa utalitoaje, nenda, na lipa tatu, moja haitoshi, ya kwanza ni ya kuaibika tu.

Mwezi uliopita nilikuwa Lamu, nikasema ngoja niwaonyeshe. Nikamkalia punda wa binamu yangu katikati, mgongo sawa, tumbo nimelikaza, mstari umenyooka mpaka kisigino. Punda alisimama pale pale akageuza kichwa kuniangalia, hatua hakupiga mpaka niliporudi nyuma karibu na mkia.