Kliniki ya wanawake mjini Unguja: uchunguzi wa uvimbe wa mishipa ya damu kwenye mlango wa kizazi

Kliniki hii binafsi naipa alama za juu kwa jambo moja kubwa: daktari wake hakimbilii kukata. Nilimsindikiza wifi yangu, ambaye ameniruhusu kuyaandika haya, kwa kuwa alikuwa akitokwa na damu kila anapokutana na mumewe, na mara nyengine katikati ya hedhi. Kituo tulichoanzia walimwambia ni kinyama tu, wakataka kukiondoa pale pale kitandani.

Hapa daktari, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alimpaka siki ya hospitali kwenye mlango wa kizazi kama inavyofanywa katika uchunguzi wa kawaida wa saratani, akasubiri dakika moja. Weupe, ambao ndio dalili ya kutiliwa shaka, haukutokea, ingawa alisisitiza kwamba hilo peke yake haliondoi shaka ya saratani. Kilichoonekana ni uvimbe mdogo wa zambarau. Alipoubonyeza kwa pamba ulififia, na pamba ilipoondoka rangi ikarudi.

"Mwanangu, hiki kimejaa damu," alimwambia. "Sikigusi kwa kisu mpaka nijue damu yake inakwendaje."

Alieleza kuwa huenda ni hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu usio wa saratani, ambao ni nadra sana katika sehemu hiyo, lakini kwanza lazima ahakikishe kuwa si ile hali ambayo ateri humwaga damu moja kwa moja kwenye vena bila kupitia kapilari, vile vishipa vyembamba vinavyoiunganisha mishipa hiyo miwili, kwani hiyo ukiichokoa bila matayarisho, damu inaweza kumtoka mgonjwa kwa wingi wa kuhatarisha maisha. Ultrasaundi yenye Dopla, yaani kipimo kinachoonesha mwendo wa damu, iliyopigwa kwa kupitia ukeni, ilionesha mkondo wa taratibu, si ule wa kasi na vurugu unaotiliwa shaka. Ndipo uvimbe ukatolewa mzima katika chumba cha upasuaji, damu ya akiba ikiwa imeshaandaliwa, ukapelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, maana kauli ya mwisho hutoka kwenye darubini. Jibu lilikuwa hemanjioma ya kavenosi: mishipa iliyopanuka, yenye kuta nyembamba, na hakuna seli za saratani.

Upande wa mapokezi ni habari nyengine. Malipo ya Dopla hayamo katika ada ya kumuona daktari, wala hakuna tangazo linalosema hivyo, kwa hivyo ulizeni mapema. Majibu ya patholojia yalikuwa yameshafika, wala hakuna aliyetupigia simu. Tulijua tulipokwenda kuuliza wenyewe. Ripoti nayo imeandikwa kwa Kiingereza kitupu, ikabidi daktari aisome na kuifafanua mstari kwa mstari, jambo alilolifanya bila kuonesha haraka, huku foleni ikimsubiri nje.

Wifi ameambiwa awahi kliniki akishika mimba, kwa sababu uvimbe wa aina hii, ukiwa umebakisha chochote, unaweza kukua wakati huo.