Hadubini ya USB ya 85,000/=: nimeijaribu kwa mifupa ya kuku

Wakuu naongelea ile hadubini ndogo ya kuchomeka kwenye laptop au simu, yenye taa za LED kwenye mdomo, siku hizi ipo kwenye maduka kadhaa ya vifaa vya simu hapa Arusha mjini. Muuzaji alianzia laki na ishirini, tukavutana tukamalizana 85,000. Boksi limeandikwa 1000X, yaani inakuza mara elfu, hiyo namba ni ya kuuzia tu, isahau.

Mimi natembeza wageni wa kuangalia ndege, na hakuna safari mtu hajaniuliza hili la ndege kutokana na dainosaria inakuwaje, sasa nikawa nimesoma kwamba wanasayansi wanakata mfupa wa kisukuku, yaani wa kale uliogeuka jiwe, na kwa kuangalia ndani wanajua yule mnyama alikua haraka au taratibu. Nikasema ngoja nione kwa macho yangu, kuku si wapo.

Nilichukua mfupa wa paja wa broila na wa tetea mzee wa kienyeji kutoka Tengeru, nikachemsha, nikaloweka na sabuni ya unga kutoa mafuta, nikakata katikati kwa msumeno wa chuma halafu nikasugua pale nilipokata kwa msasa wa maji, ule wa wapiga rangi magari, kuanzia namba 400 mpaka 2000. Hapo ndo hela yangu ilirudi. Ukuta wa mfupa wa broila umejaa vitundu vyeusi, vingi mno, vingine vimeungana, na hivyo ni njia za mishipa ya damu. Wa tetea umeshiba, mweupe, vitundu vichache tena vidogo. Mfupa ukijengwa mbio unaacha nafasi nyingi za mishipa na nyuzi zake zinalala ovyo, ukijengwa taratibu nyuzi zinalala sambamba na mishipa inakuwa michache. Na mfupa ukisimama kukua kwa msimu unaacha mstari, kama miduara ya gogo la mti.

Sasa ndege wa kale. Archaeopteryx wa Ujerumani, wa miaka milioni 150 hivi iliyopita, ana manyoya na mabawa kabisa, ungetegemea mfupa wake uwe wa mbio. Wapi! Mtafiti Erickson na wenzake 2009 waliangalia vipande vyake wakakuta nyuzi sambamba na mishipa michache, wakakadiria alihitaji siku kama 970 kufikia utu uzima. Ndege wengi wa leo wanamaliza kukua ndani ya mwaka. Na kabla ya hapo, 1994, Anusuya Chinsamy wa Afrika Kusini na wenzake walishaona mistari ya kusimama kukua kwenye ndege wa kale wa Argentina. Ila Confuciusornis wa China mfupa wake ulijengwa haraka, kwahiyo usidhani wote walikuwa wazembe. Hata Nyasasaurus wetu, aliyechimbwa kule Ruvuma miaka ya 1930 na anayehesabiwa kati ya dainosaria wa mwanzo kabisa au ndugu yao wa karibu, mfupa wake wa juu wa mguu wa mbele unaonyesha alikua kwa kasi. Ila ukimwangalia Archaeopteryx, manyoya yalikuja kwanza, ile kasi ya kifaranga wa leo ikaja baadaye sana, na hili ndo nawaambia wageni siku hizi.

Kuna jamaa watakwambia mstari kwenye mfupa maana yake damu baridi. Si kweli, kiwi ni ndege wa leo na anayo, na 2012 ilionyeshwa wanyama wanaocheua nao wanayo, sijui mbuzi wa Kwa Mrombo kama kuna mtu amewahi kumkagua.

Ambacho hadubini hii haiwezi: hiyo mistari na mlalo wa nyuzi hutaviona. Maabara wanagundisha kipande kwenye kioo, wanakisaga mpaka mwanga unapita, halafu wanatumia mwanga maalum uliochujwa. Hii inamulika kwa juu tu. Kwa vitundu, mbawa za wadudu, manyoya, inatosha sana.

Stendi yake ni takataka, ukigusa meza picha inaruka, mimi nimeifunga na rababendi kwenye stendi ya simu. Kwenye simu yangu inakatakata, laptop iko fresh. Nyota tatu na nusu, na ukipewa zaidi ya laki moja ondoka.