Walitunyima tarumbeta: uzoefu wangu na huduma ya filamu za mtandaoni

Jamani, mtu akishalipia filamu, ana haki ya kuiona mpaka mwisho au hana? Nauliza kwa sababu mimi nimelipa, nimekaa na mama yangu sebuleni usiku mzima, na mwisho wenyewe tukanyimwa. Jina la huduma silitaji. Wanaoilipia wataitambua kwa tabia yake.

Filamu ni It Happened One Night ya mwaka 1934, iliyoongozwa na Frank Capra, na waigizaji wakuu ni Clark Gable na Claudette Colbert. Sitapoteza muda kwenye sifa zake, kwamba ilibeba tuzo tano kubwa za Oscar kwa mpigo na mambo kama hayo, yote yanasomeka kokote. Mimi nina neno la kusema kuhusu blanketi.

Kwa asiyeiona: Ellie ni binti wa tajiri. Amemtoroka baba yake huko Miami, amepanda basi la usiku kwenda New York kumfuata bwana aliyefunga naye ndoa bila ridhaa ya mzee. Ndani ya basi anakutana na Peter, mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi, mwenye maneno mengi na mfuko mtupu. Mvua inaharibu njia, safari inakwama, na kwa kuwa hela ni za kuhesabu wanachukua chumba kimoja cha gesti ya barabarani, wakijiita mume na mke. Peter anafunga kamba katikati ya vitanda viwili, anatundika blanketi. Hizi, anasema, ni kuta za Yeriko, zile za kwenye Biblia zilizoanguka siku ya saba kwa tarumbeta na kelele za watu wa Yoshua. Tena anamtoa binti wasiwasi: Yoshua alikuwa na tarumbeta, yeye hana.

Hapo Mama akakaa vizuri kwenye kochi. Amefundisha watoto wa Jumapili miaka mingi, na kisa cha Yeriko ndicho alichokipenda kuliko vyote. Watoto walikuwa wakizunguka mabenchi mara saba, halafu wote wanapiga kelele na kujitupa chini. Kiingereza anakijua, lakini wale Wamarekani wa zamani wanaongea kama wanakimbizwa, kwa hiyo nilikuwa nikimnong'oneza tafsiri. Kwa Yeriko hakuhitaji tafsiri. Aliniambia, "Mwanangu, tarumbeta itakuja. Huwezi kumtaja Yoshua halafu usilete tarumbeta."

Tangu dakika ile alikuwa anaisubiri. Wale wawili wanagombana, wanapatana, wanagombana tena, na kila blanketi linapotundikwa Mama ananigusa kiwiko. Peter anapokwenda kwa baba yake Ellie, na mzee anadhani kijana amefuata zawadi ya dola 10,000 aliyoahidiwa atakayempata binti, kumbe anadai dola 39 na senti 60 tu alizotumia njiani, Mama alisema, "Huyu ndiye." Siku ya harusi rasmi na yule yule bwana wa New York, mzee anamsindikiza binti yake kwa bwana harusi huku akimnong'oneza kwamba kuna gari linamngoja getini. Ellie akatimua mbio, shela inapepea nyuma. Mama alipiga makofi peke yake sebuleni. Mimi nilikuwa nalia, sioni aibu kusema.

Kisha mzee anapata simu ya maandishi ikimhimiza ubatilishaji wa ile ndoa ya kwanza, maana kuta za Yeriko zinayumba. Naye anasema, ziache zianguke. Picha inahamia nje ya gesti moja, usiku. Mwenye gesti na mkewe wanaongea.

Na hapo hapo picha ikasinyaa. Ikaenda kukaa kwenye kona ya juu ya luninga, ndogo kama stempu ya barua, na skrini yote iliyobaki ikajaa tangazo la filamu nyingine, na namba zinahesabu kurudi nyuma kutoka kumi. Nikatafuta rimoti, ilikuwa imeingia kwenye mkunjo wa kochi. Nilipoipata, tayari bunduki zinalia na magari yanalipuka. Mama akanigeukia. "Tarumbeta iko wapi?"

Kwenye huduma hizi filamu huwekewa alama pale majina ya mwisho yanapoanza kupanda, tangazo litokee hapo, ili usipate nafasi ya kuzima na kwenda kulala. Sasa filamu za wakati ule majina waliyaweka mwanzoni! Mwishoni hakuna orodha ndefu ya kukuvumilisha dakika tano. Ukiitegea filamu ya 1934 kwa hesabu za filamu ya leo, lazima ukate nyama, si mfupa.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea alinisikiliza mpaka katikati, akanikatiza. "Dada, si walishapatana? Hapo walikuwa wamebaki watu wawili tu wasiojulikana wanaongea nje. Hakuna kitu ulichopoteza." Halafu akaniuliza kama nina tatizo lingine.

Hakuna kitu! Kaka, hapo ndipo filamu yenyewe ilipo. Capra alikuwa na Gable na Colbert, sura mbili ambazo watu walipanga foleni kuzitazama, na kwenye mwisho wake akazificha zote mbili. Hatuoneshwi busu, hatuoneshwi kitanda. Tunabaki nje na wazee wawili wa gesti wanaoulizana kama wale wageni wameoana kweli. Mume anasema cheti amekiona. Mke anashangaa: usiku kama huu wametaka kamba na blanketi. Mume naye anasema walimtuma dukani akawanunulie tarumbeta, ile ya kuchezea watoto. Ya nini? Hawajui. Sisi tunajua. Ulimwengu mzima kwenye ile filamu, ni sisi na wale wawili ndani tu tunaojua. Kitarumbeta kinalia, blanketi linaanguka sakafuni, taa inazimwa. Basi.

Nani amewahi kuandika mwisho wa mapenzi mzuri kuliko huo? Karibu miaka mia imepita. Hata vichekesho vya screwball vilivyofuata, vya watu kukimbizana na kutukanana mpaka wapendane, sijaona kilichofunga kwa adabu kama hii. Kwetu mnajua inavyokuwa: mkitazama filamu na mzazi, wapendanao wakianza kusogeleana, mmoja anakumbuka chai jikoni, mwingine anatafuta simu ambayo haijaita. Hii hakuna wa kuinuka. Kila kitu kimesemwa, na mama mtu mzima anaweza kukaa na binti yake wakacheka pamoja. Huo ndio mwisho ambao yule kijana anauita watu wawili wasiojulikana.

Nilikusudia kuandika kwamba msilipie kabisa. Lakini nisiwe mwongo: picha ilikuwa safi mno, unaona hata unyevu kwenye makoti yao, na duka la diski la hapa mtaani lilishafungwa zamani. Bila hawa, Mama asingeiona filamu hii maishani mwake. Kwa hiyo nilitaka kusema lipieni, ila rimoti isitoke mkononi. Halafu nakumbuka ile sauti, "hakuna kitu ulichopoteza," na mkono unanitetemeka tena. Hapana. Mtu asiyejua anachouza asipewe hela yangu. Mwezi ujao sijui. Naandika nikiwa bado na hasira.

Jioni iliyofuata nilirudisha mpaka pale gesti. Kile kisanduku kikatokea palepale. Nikabonyeza haraka, picha ikarudi kuwa kubwa, ila maneno ya dukani yalikuwa yameshapita. Nikarudisha nyuma tena, nikabonyeza mapema zaidi. Safari hii tulisikia yote. Kitarumbeta kikalia, kidogo, kibovu, kama cha mtoto kweli. Blanketi likaanguka.

Mama alinyamaza hadi taa ilipozimwa. "Yoshua alihitaji siku saba," akasema, kisha akaomba nirudishe tena. Nilirudisha mara tatu, kidole kikiwa juu ya kitufe.