Poros hadi Ermioni kwa tanga: nahodha safi, bili ya dizeli chungu

Mimi mtoto wa Lamu, tanga nimelijua kabla ya baiskeli. Nilipolipa euro 120 Septemba kwa safari ya kutwa kutoka kisiwa cha Poros hadi mji wa Ermioni, Ugiriki, sikwenda kushangaa bahari. Nilitaka kuona wenzetu wanaabiri vipi.

Tuling'oa nanga saa tatu asubuhi, abiria sita na nahodha. Mlango wa bahari kati ya Poros na Galatas, mji wa upande wa bara, ni mwembamba. Nilimwona bibi ng'ambo akianika nguo. Upepo hamna. Mashine ikanguruma mpaka tukaipita rasi ya Skyli, tukasimama kuogelea, nami nimeshaanza kununa. Saa sita upepo ukaamka kutoka kusini-mashariki. Mashine kimya, matanga mawili yakajaa, chombo kikalalia demani, ubavu usiopigwa na upepo. Kisiwa cha Hydra kushoto, milima mikavu ya bara, yaani Peloponnese, kulia, na maji yakichanika omoni, mbele ya chombo. Nahodha akaniachia usukani karibu saa nzima. Ni gurudumu, si kana (mpini wa usukani) niliyoizoea, nikawa naenda upogo mpaka mkono ulipozoea.

Lakini pesa yangu niliiona bandarini. Kule hawafungi chombo ubavu, wanakifunga tezi, yaani kwa nyuma. Pengo lilikuwa moja tu, upana wa chombo chetu na dhiraa moja hivi. Akaangusha nanga mbali, akaanza kurudi kinyumenyume, mnyororo ukitoka taratibu. Kamba mbili zikarushwa gatini, ubao ukalazwa, tukashuka. Hakugusa jirani, wala sauti hakupandisha. Nimeona manahodha wa kwetu wakitukana ukoo mzima kwa kazi nyepesi kuliko hiyo.

Ermioni ni mji mdogo uliokaa juu ya ulimi wa nchi, una bandari pande mbili: upepo ukikusumbua huku, unahamia kule. Tembea mpaka Bisti, msitu wa misonobari kwenye ncha, penye misingi ya hekalu la kale. Kisha rudi ule pweza wa kuchoma.

Sasa kero. Dizeli haimo kwenye bei. Tuliambiwa tukiwa tumeshafika, euro 15 kila kichwa, kwa mashine ileile iliyotukera asubuhi. Tena hakuna aliyetutajia kwamba safari ni ya kwenda tu. Kurudi Poros nilijikatia tiketi ya boti ya kasi. Ulizeni yote mawili kabla ya kulipa.

Nahodha nyota tano. Ofisi yao mbili, na moja ni ya huruma.