Uzoefu wangu: "Ein Kinderspiel" ya Helmut Lachenmann, kitabu cha nota za piano

Nafundisha watoto piano hapa Stuttgart, na kwa muda mrefu kitabu hiki nilikuwa nakikwepa. Lachenmann ni mtunzi wa muziki, mtu wa hapahapa, kazaliwa 1935. Alisoma kwa mtunzi wa Kiitaliano Luigi Nono kule Venice, baadaye akafundisha utunzi kwenye chuo cha muziki cha mji huu hadi 1999. Sifa zake zinatisha. Katika kazi yake Pression (1969) mpiga cello anakandamiza na kusugua ala yake hadi ikorome, na katika Guero mpiga piano anapitisha kucha juu ya vitufe, kra-kra-kra, bila kuvibonyeza. Nani ampe mtoto mambo hayo?

Kumbe vipande hivi saba vya mwaka 1980 haviwapi vidole taabu kubwa. Cha kwanza ni Hänschen klein, wimbo ambao watoto wa Kijerumani huujua tangu chekechea. Mdundo ni uleule, ila nota zinaanzia kitufe cha juu kabisa na kuteremka nusu toni kwa nusu toni kuelekea chini. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anatikisa kichwa kwa mdundo anaoujua, huku ananitazama kana kwamba nimemwibia wimbo wake.

Kilichonifanya nikipende kitabu ni kipande kiitwacho Filter-Schaukel. Unabonyeza vitufe vingi vilivyopakana kwa mpigo mmoja, zogo tupu, kisha unaachia baadhi na kubakiza vingine. Zogo linachujika, inabaki sauti nyembamba inayoning'inia mpaka izime yenyewe. Binti wa marafiki zetu wa Moshi, ambaye skeli moja tu inamchosha, alisogeza sikio karibu na mbao za piano. Nilipotaka kuongea akanizuia: "Bado, mwalimu, bado inalia!" Hapo ndipo nilipomwona Lachenmann mwalimu. Mazoezi yetu mengi humfundisha mtoto lini apige. Yeye anamfundisha kusikiliza baada ya kupiga, na kwamba kuinua kidole nako ni kupiga muziki. Kwa kweli ni jambo lilelile analodai katika kazi zake kubwa, hata ile opera ya mtoto muuza viberiti iliyoanza Hamburg mwaka 1997, ila hapa linakaa mkononi mwa mtoto.

Wolken na Akiko ni vizuri, havihitaji maelezo mengi. Falscher Chinese ("Mchina bandia") sikifundishi, jina lake silipendi.

Tahadhari kwa mnaotaka kununua: kinanda cha umeme cha kwaya chenye oktava tano hakitoshi, kwa sababu vipande hivi vinatumia vitufe vya ncha zote mbili, na kuna vitufe vinavyobonyezwa kimya ili nyuzi zake ziitikie sauti za nyingine. Bila nyuzi, nusu ya muziki haipo. Bei pia si ndogo kwa kijitabu chembamba hivyo. Mimi nakipa nyota nne.

Ukikinunua, Schattentanz iache iwe ya mwisho, na majirani uwaombe radhi mapema: ni vitufe viwili vya juu kabisa vinavyogongwa kwa mdundo wa dansi, tena na tena, na mtoto akishauzoea hataki kuacha.