Toki konveta ya Forester ya tabo: usikimbilie namba kubwa

Subaru Forester yangu ni otomatiki ya gia nne, yaani kati ya injini na giaboksi kuna toki konveta, ile inapitisha nguvu kwa kutumia oili, na tabo ya kiwanda nilishatoa nikaweka kubwa kidogo. Hapo ndio kazi ilianza. Ukiingia barabara kubwa pale Pipeline unakanyaga mafuta gari inakaa tu, injini ikishapita RPM 3000 (mizunguko kwa dakika) ndio inakurusha. Fundi akanifanyia testi ya stoli, yaani breki umekanyaga kabisa, gia iko D, mafuta hadi chini, sekunde chache tu usije ukachoma oili ya giaboksi, unaangalia mshale wa RPM umekwama wapi. Hapo unakwama ndio stoli, na konveta ndio inaipanga. Yangu ilikwama kama 2400, tabo bado imelala, kwa hivo nilitaka konveta ya stoli ya juu kidogo. Na Nakuru tuko juu, karibu mita 1850, hewa ni nyepesi, kabla boosti (presha ya tabo) ije injini iko dhaifu kuliko ya mtu wa Mombasa mwenye gari kama yangu tu.

Nikapigia wale wa Nairobi wanaofungua konveta na kuzitengeneza upya. Wa kwanza hata hakuuliza tabo gani, ati chukua ya stoli 4000 itaruka. Iruke iende wapi bana, mi napeleka watoto shule na wikendi niko njia ya Kisumu, na stoli ya juu hivo konveta inateleza kila saa, mafuta inakunywa, oili inachemka. Wa pili akauliza uzito wa gari, tabo inaanza kujaza kwa RPM ngapi, gari ni ya kila siku ama ya mashindano. Akasema 3000 inatosha, na lokapu tusiguse, ile klachi ya ndani inayofunga konveta ukishashika spidi. Akanionya pia namba inaweza panda, juu konveta ileile ukiipatia injini yenye nguvu zaidi stoli inaenda juu yenyewe.

Bei ilikaribia giaboksi nzima ya mtumba. Iliniuma.

Konveta ilipofika, fundi akaifuta, akapitisha ukucha kwa ile shingo inayoingia kwa sili ya pampu, akasimama. Mkwaruzo, mwembamba kama uzi. "Hii itakula sili, utavuja mpaka uchoke." Ikarudi. Hawakubishana, wakatuma ingine safi, lakini pesa ya pasel mara zote ni mimi, na karatasi ya balansi, ya kuonyesha konveta inazunguka bila kuyumba, waliyoniahidi mpaka leo sijaiona.

Kufunga ndio usiharakishe. Alimwaga oili ndani kwanza, akaisukuma akiizungusha na mkono, tok, halafu tok tena, ndio akakubali kuunganisha na injini, kwa sababu ukiivuta na bolti kabla haijakaa unavunja pampu. Tukaweka pia kula (cooler) kubwa ya kupoza oili mbele ya redieta.

Sasa stoli iko 3100 hivi na Pipeline naingia bila kuomba mtu ruhusa. Nikishika spidi lokapu inafunga, RPM iko vile ilikua zamani. Kenye sijapenda ni kupanda Sachangwan nyuma ya trela, lokapu imeachia, oili inapanda joto mpaka unaangalia geji kuliko barabara. Hapo narudisha gia kwa 2, konveta haitelezi sana, joto inashuka. Kwa trafiki pia injini inanguruma kabla gari isonge, mke wangu bado anasema giaboksi imekufa.

Kama tabo yako ni ile ndogo ya kiwanda, wacha konveta, nunua kula na oili mpya kwanza.