Kamusi ya Oxford ya wanafunzi, mtandaoni: tumeipima kwa "heavy"

Ukitaka kujua kamusi ya Kiingereza ina uwezo gani, usiipime kwa neno gumu. Ipime kwa kivumishi cha kila siku. Tumechukua "heavy" na kukitafuta katika tovuti ya Oxford Advanced Learner's Dictionary, kamusi iliyoanzishwa na A. S. Hornby, ambayo toleo lake la 10 lilitoka mwaka 2020. Kuitumia tovuti ni bure.

Maana ya kwanza ni ile inayojulikana na wote, uzito wa mzigo. Thamani ya kamusi iko katika yanayofuata. Maana zimewekewa vichwa vidogo, hivyo macho yanaruka moja kwa moja hadi panapokuhusu. Ile ya jambo kuzidi kiasi cha kawaida ndiyo ya kuishika vizuri: "heavy rain" ni mvua kubwa, "heavy traffic" ni msongamano wa magari, na "heavy smoker" ni mvutaji sigara wa kupindukia, hata awe mwembamba kama ufito. "Heavy sleeper" hulala fofofo. Gari likiwa "heavy on petrol", linabugia mafuta.

Kwetu makosa huanzia Kiswahilini. Tunasema chai nzito na uji mzito, kisha mwanafunzi anaandika "heavy tea" na "heavy porridge", ilhali Kiingereza kinataka "strong tea" na "thick porridge". Usingizi mzito una nafuu: "heavy sleep" ipo, ingawa "deep sleep" ndiyo husikika zaidi. Ukibaki kwenye ukurasa wa "heavy" hutaligundua kosa, maana kamusi huonyesha yanayoandamana na neno, haitaji yasiyoandamana nalo. Anzia kwenye nomino. Andika "tea", shuka hadi kisanduku cha maneno yanayoandamana, kibonyeze kifunguke (huwa kimefungwa, na wengi hukipita), kisha usome vivumishi vyake. Nomino isipokuwa na kisanduku, fungua kivumishi unachokidhania na usome mifano yake yote kabla ya kuandika.

Kwa matamshi, spika ya buluu ni ya Uingereza, nyekundu ya Marekani. Isikilize: ni "hevi", wala "ea" haisomwi kama irabu mbili.

Maelezo yote ni ya Kiingereza, japo yameandikwa kwa msamiati uliochujwa makusudi. Mwanafunzi wa kidato cha pili atayamudu; wa darasa la tano aanze na kamusi ya Kiingereza-Kiswahili. Matangazo nayo yanakula bando, na kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo ukurasa mrefu kama huu huchelewa kufunguka. Kama mtandao ni shida unakoishi, tafuta kitabu chenyewe, hata cha toleo la nyuma kilichokwishatumika. Kwa maneno ya kawaida kama haya, kitakutosha.